Kinanda Kilichotangulia Majembe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimechaguliwa! Mimi, Ndaki, mwenye studio ya Ndaki Sound, hapa Bariadi, nyuma ya saluni ya mke wangu! Dada Wilhelmina wa Mwanza kapiga simu sijamaliza hata chai. Anatengeneza albamu ya nyimbo za shambani za Usukuma. Imebaki nafasi moja. Kausikiliza ule wimbo wa kulimia wa Bukundi, anasema kaurudia mpaka mumewe akauliza nani kafiwa.

Niseme kweli, maana humu hasomi mtu. Wimbo si wangu. Ni wa Bibi Kwandu. Nilikwenda kijijini Bukundi Januari, palizi imepamba moto, na kompyuta yangu na maikrofoni tatu. Moja ya bibi anayeanzisha, moja ya kina mama wanaoitikia, moja chini kabisa karibu na udongo, kwa ajili ya majembe. Nilikuwa na maelekezo mengi ya kuwapa. Bibi akafungua mdomo. Maelekezo yote yakanitoka. Nilisahau hata kutazama kama mashine inarekodi. Mwezi wa nne bibi akafariki, na sauti yake iko ndani ya kompyuta hii peke yake. Kila nikiifungua, vinyweleo vinasimama. Mtu mzima mimi!

Mchango wangu ni kinanda, besi na fidla, nilivyovipiga huku nyumbani nikiwafuata kina mama kwa sikio. Vizuri tu. Ila Wilhelmina anasema sauti za kinanda changu ni za mlio wa simu. Anataka aweke ala zake za maana. Kwa hiyo anaomba vitu viwili. Stemu, yaani kila sauti kwenye faili lake peke yake. Na MIDI ya kinanda, ambayo haina sauti yoyote ndani, ni maelekezo matupu: bonyeza hapa, achia pale. Vyote vianzie sehemu moja na viende sambamba mpaka mwisho. Mwisho wa kutuma ni Jumamosi. Stemu ni nzito, kwa hiyo tujaribu kwanza MIDI kwa mchanganyiko mwepesi wa WhatsApp, vikikaa sawa ndipo nitume mzigo wenyewe.

Sijawahi kutoa MIDI maishani mwangu. Nikamjibu kwamba hamna shida, ni kazi ya kila siku.

Nikavuka barabara kumpasha habari Novatus. Novatus ana studio kubwa kuliko yangu, spika kubwa kuliko zangu, na tumbo pia. Nilitegemea anune. Akanipa mkono, kisha akasema na yeye kapigiwa. Kwaya yake ya Kalemela iko benchi. Nikishindwa mimi Jumamosi, wanaingia wao. Alitabasamu. Sijapenda lile tabasamu.

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimetuma MIDI. Rahisi! Unachagua noti zako, unabonyeza toa, zinatoka. Nikamtumia Wilhelmina pamoja na mchanganyiko mwepesi wa sauti na majembe. Nikajinunulia soda kujipongeza.

Soda haijaisha, simu. Wilhelmina anauliza kama nimesikiliza nilichotuma. Nikasema bila shaka. Anasema kinanda kimetangulia majembe. Watu hawajafika shambani, kinanda kimeshaanza kuimba peke yake.

Nimehangaika mpaka mchana. Nimegundua! Wimbo unaanza na majembe matupu, kitambo kizuri tu, ndipo kinanda kinaingia. Lakini faili la MIDI halijui kusubiri. Limeanzia pale noti ya kwanza ilipo, ukimya wote wa mwanzo limeutupa. Mashine hizi! Zinadhani ukimya si kitu. Wakati ule ukimya ndio ulionisahaulisha mashine Januari.

Mbinu ikanijia. Nimeweka noti moja ya bubu mwanzo kabisa, pale sauti inapoanzia, kwenye kinanda, besi na fidla. Kazi yake ni kushika nafasi tu, kama mtu anayeacha kofia kwenye kiti. Faili likiona kuna noti hapo, litaanzia hapo. Akili nyingi! Nikachagua noti ya chini kabisa, isiyosikika. Nikatuma.

Simu. Wilhelmina alikuwa anacheka mpaka maneno hayatoki. Kwenye besi yeye ameweka tarumbeta kubwa. Wimbo wa Bibi Kwandu sasa unaanza na mlio wa lori la pamba linaloomba njia. Hata hivyo kasema wazo si baya, noti ile ataizima mwenyewe. Kinanda kinaingia mahali pake. Nikasema ndivyo nilivyokusudia.

Halafu akauliza tempo ya wimbo, yaani mapigo kwa dakika, ni ngapi, maana faili halikuja nayo.

Sijui tempo. Sikuwahi kuiangalia. Bibi Kwandu hakuwa na tempo, alikuwa na jembe. Lakini Novatus alisema zamani, mbele ya watu, kwamba prodyuza asiyejua tempo yake ni fundi redio. Nikajibu palepale, tisini na sita. Nilitamka kwa sauti nzito. Wilhelmina akaandika.

Jumatano, 11 Juni 2025

Kinanda sasa kinachelewa.

Wilhelmina anasema kinaingia kimechelewa kidogo. Baada ya muda kinabaki nyuma zaidi. Katikati ya wimbo kinaimba wimbo wake. Mwisho kina mama wamemaliza shamba, wamenawa, wamekwenda kusonga ugali, kinanda bado kiko kwenye tuta la kati. Akauliza kwa upole kama nina uhakika na tisini na sita.

Hapo mtu mwingine angesema hana uhakika. Nililifikiria hilo. Lakini nikakumbuka lile tabasamu la Novatus. Nikaapa. Nikasema tisini na sita ndiyo yenyewe, ila waimbaji huenda waliteleza. Nimesema hivyo. Kuhusu Bibi Kwandu. Nilipokata simu nikaona aibu, nikaenda kukaa saluni kidogo nisikie makelele ya watu.

Pale saluni ndipo mbinu ikaja. Kama wimbo si wa tisini na sita, nitaufanya uwe wa tisini na sita! Nirekodi upya kina mama na majembe wakifuata kliki, ule mlio wa kuhesabu wa kwenye kompyuta. Kisha sauti ya Bibi Kwandu nitaivuta kidogo, ikae juu yao. Wilhelmina hatajua. Novatus hatajua. Na tisini na sita itakuwa kweli, kwa hiyo sitakuwa nimesema uongo.

Na tazama bahati! Minza yuko mjini. Minza ni binti wa Bibi Kwandu, ndiye aliyekuwa anaitikia mbele ya wenzake. Kaja na kina mama wawili wa kundi lao kununua mchele na mafuta ya kumbukumbu ya mama yao. Kumbukumbu ni Jumapili, Bukundi. Nikawakuta kwa shangazi yao. Nikawasalimia mwangaluka, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana, kwa woga. Wakacheka.

Minza akauliza jambo moja tu. Kama Jumapili wataweza kumsikia mama na kinanda changu, mbele ya ndugu wote. Anasema tangu msiba hajawahi kuisikia ile sauti, na ameanza kuisahau pembeni. Alisema hivyo hivyo, pembeni. Nikamwahidi. Sikuweza kufanya lingine.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Siku ya maji.

Kina mama wamefika asubuhi, wamejifunga khanga viunoni, wachangamfu. Nimewaingiza studio. Wakatazama godoro ukutani, wakauliza nani analala wima. Nikawaeleza ni la kuzuia mwangwi. Nikawaomba waimbe. Wakajaribu. Sauti zikatoka ndogo, za wageni. Minza akasema kwa heshima, baba, hatuwezi. Wimbo huu unatoka mgongoni ukiinama. Bila jembe hauji, na jembe bila udongo halitamki.

Basi nikawapeleka uani. Uani kwa Joyness, mke wangu. Joyness alikuwa mbele na mteja, nikaona si lazima nimsumbue. Majembe nikaazima kwa jirani.

Nikamvisha Minza hedifoni asikie kliki. Akasikiliza. Akauliza ni nani huyu anayelima humo ndani, mbona hapumziki hata kufuta jasho. Nikasema ni mashine. Akasema maskini. Wenzake wakataka kumsikia na wao. Wakasikilizishana, wakamhurumia wote.

Wakaanza. Yesu na Maria! Watu watatu, uani, kati ya kamba ya nguo na pipa la taka. Majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, na Minza anaanzisha pale alipokuwa anaanzisha mama yake. Nilikuwa na hedifoni zangu, nikazivua. Nikasimama tu. Kuku walisimama. Novatus alitokea juu ya ukuta wa mabati, sijui alipandia nini, mdomo wazi, hakunitania hata neno moja.

Na walikuwa na kliki kabisa! Tisini na sita safi! Mpaka walipokaribia ukuta. Hapo mwendo ukabadilika. Majembe yakaanza kukimbia. Nikapunga mikono, hapana, taratibu, hawakunitazama. Kliki ikaachwa nyuma peke yake. Baadaye Minza alishangaa kwamba nilishangaa. Likionekana pindo la shamba, alisema, mtu anawezaje kulima kwa mwendo uleule? Shamba linaisha! Kila wimbo wao wa kulimia unakimbia mwishoni. Watoto wote wa Bukundi wanalijua hilo. Mimi nilizaliwa mjini, nikakaa na wimbo huo miezi mitano, nikaupigia na kinanda, na sikulijua. Nimetembea na jambo hilo kichwani kutwa nzima.

Lakini nilikuwa naandika kuhusu maji. Katika kule kukimbia, jembe la mwisho likashuka karibu na ukuta, na bomba linalokwenda saluni limepita palepale. Likapasuka. Maji yakaruka juu kuliko mabati. Novatus akatoweka ukutani. Kina mama wakashangilia, walidhani ni sehemu ya kurekodi.

Ndani ya saluni Joyness alikuwa amempaka mteja dawa ya kulainisha nywele. Ile dawa ikikaa kichwani bila kuoshwa inaunguza. Akafungua bomba la kuoshea, likakohoa. Mteja akaanza kuita majina ya ndugu zake. Nilichota maji pale yanaporuka, nikakimbia nayo kwenye kikaango, maana ndicho nilichokiona. Aliyetuokoa ni Novatus. Alivuka barabara na ndoo yake kubwa imejaa. Mteja amepona. Joyness hajaniita Baba Josia tangu saa hiyo, ananiita wewe.

Uani pamelimwa pote, vizuri sana, tayari kwa mbegu.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Siandiki haraka leo. 

Asubuhi nilifungua sauti ya Bibi Kwandu ili niivute iwe tisini na sita. Na majembe yake pia, na waitikiaji, maana ya jana yaliishia kwenye maji. Niliona haina haja ya kutunza ya zamani pembeni, maana inakula nafasi, na mimi najua ninachofanya. Mashine ikavuta. Nikasikiliza. Ilikuwa sauti ya redio inayokaribia kuishiwa betri. Bibi alikuwa analia maneno badala ya kuyaimba. Ule mkimbio wa mwishoni ulikuwa umenyooshwa, umekufa. Nikasema hapana, rudisha.

Umeme ukakonyeza. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa tangu Machi. Kwa hofu ya kupoteza kazi nikabonyeza hifadhi. Umeme ukaondoka kabisa.

Uliporudi, kompyuta ilikuwa imehifadhi vizuri kabisa. Juu ya zile za kwanza. Sauti ya kweli haipo. Kadi nilizonakilia akiba Januari niliziandika upya kwa harusi moja ya kule Binza. Nikatafuta kila kona. Nimepata harusi, nimepata matangazo ya dawa ya mende, nimepata mimi mwenyewe nikikohoa. Bibi Kwandu hayupo. Mwanza wana ule mchanganyiko mwepesi wa WhatsApp tu, sauti zote zimebanwa pamoja, hauwezi kutenganishwa tena.

Nimemuua mara ya pili. Nimekaa sakafuni nikasema hivyo kwa sauti.

Na Minza alikuwa hapo mbele, nyuma ya pazia tu, kwenye kiti cha Joyness. Kaja kusukwa kwa ajili ya Jumapili. Nikamsikia anamwambia Joyness amwombe mumewe awafungulie sauti ya mama kidogo wakati anasukwa. Joyness akaita, wewe, fungulia watu sauti. Nikajibu kwamba hakuna umeme. Drayer ilikuwa inavuma. Feni ilikuwa inazunguka. 

Nilikuwa napanga kutoroka. Nina mjomba Maswa. Nilishaweka shati kwenye mfuko, ndipo Novatus akaingia kwa mlango wa nyuma kufuata ndoo yake. Akaniona sakafuni. Akauliza nani kafa. Nikamwambia Bibi Kwandu. Nikamweleza yote, hata tisini na sita, maana aliyeishiwa ujanja haoni haya.

Nilitegemea acheke. Kwaya yake ya Kalemela ilikuwa imeshaingia kwenye albamu bila yeye kunyanyua kidole. Alichotakiwa kufanya ni kubeba ndoo na kuondoka. Akakaa juu ya ile ndoo. Akajikuna. Akasema kuna jambo linamsumbua tangu Machi.

Machi chaja yangu iliungua, nikaenda kwake kutengeneza CD za shule, na kompyuta yangu ikalala pale siku nzima imechomekwa kwake. Anasema alifungua ule wimbo kwa husuda tu, atafute makosa. Hakupata la kusema. Akanakili kila kitu, sauti zote tatu, nzima. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa studio, anamsikiliza Bibi Kwandu peke yake, halafu ndipo anafagia. Mkewe anajua. Anasema hakuwa na nia ya kuuza. Alikuwa hawezi tu kukaa bila ile sauti karibu.

Novatus! Na lile tumbo! Nilimtazama nikashindwa kumtukana. Nilimkumbatia, mwizi yule, akiwa bado juu ya ndoo.

Tumekwenda kwake. Bibi Kwandu akatoka kwenye zile spika kubwa, mzima, na udongo wake wote. Nililia bila kujificha. Baadaye Novatus akaomba kuona tempo yenyewe kwenye mradi wangu. Tukafungua. Pale juu, mahali ambapo sijawahi kupatazama, pameandikwa 120. Ndiyo namba ambayo kompyuta inakuja nayo dukani. Hakuna aliyeigusa. Noti zangu zote zilipimwa kwa rula ya mia na ishirini, na mimi nikamwambia mtu wa Mwanza azipime kwa rula nyingine.

Novatus alicheka mpaka akashika meza. Kumbe haijalishi wimbo wenyewe unatembea au unakimbia. Sauti ilirekodiwa huku rula hiyo imelala chini yake, na noti zilipigwa juu ya rula hiyohiyo. Ukizitoa zote kuanzia mwanzo uleule, kwa rula ileile, zinakutana zenyewe. Kliki ya nini? Bomba la nini? Mke wa kununa wa nini?

Jumamosi, 14 Juni 2025

Imetumwa! Stemu tatu za sauti na MIDI tatu, zote zinaanza pamoja, noti ya bubu imekaa mbele inalinda ukimya. Tempo mia na ishirini. Tumetuma kwa intaneti ya Novatus, yangu inakwamakwama. Wilhelmina nikamweleza kwamba nimefanya marekebisho ya kitaalamu. Novatus alikohoa.

Mchana ukarudi. Wimbo mzima, na ala zake za kweli.

Niliufungulia saluni, ili Joyness asikie. Minza alikuwepo, nywele zimekwisha, nzuri mno. Wateja walizimiwa drayer. Majembe yakaanza. Ukimya wao ukaachwa kamili, hakuna aliyeutupa. Kisha kinanda kikaingia, kikubwa, cha mbao, si cha simu. Kikatua pale jembe lilipotua! Kila lilipotua! Nikashika ukuta. Bibi Kwandu akaanzisha, fidla zikanyanyuka chini yake na kumbeba. Na pindo la shamba lilipokaribia, majembe yakakimbia, na kinanda kikakimbia nayo, bega kwa bega, mpaka ukutani.

Kinanda kile nilikipiga mimi. Nilikuwa sijui kwamba wanakimbia. Vidole vyangu vilijua. Nimevitazama jioni yote hivi vidole, kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Mteja mmoja, ambaye hamjui hata Bibi Kwandu, alikuwa amefunika uso kwa taulo. Minza hakulia. Alisogea karibu na spika, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo mpaka mwisho. Kisha akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, Ndaki. Wabeja sana, baba. 

Wilhelmina akapiga tena. Anauliza niliwezaje kufanya kinanda kiharakishe pamoja na watu kwa usahihi ule bila kliki, anataka kuwafundisha vijana wake. Nikamwambia ni mbinu yangu ya siku nyingi. Inahitaji utulivu.

Joyness kaniita Baba Josia. Fundi bomba anakuja Jumatatu.

Jumapili, 15 Juni 2025

Bukundi. Tumekwenda mimi na Novatus na spika zake. Alizifunga mwenyewe kwenye gari la Noah, hakutaka nizishike.

Watu ni wengi. Ibada ilikwisha, chakula kikaliwa, ndipo Minza akatuashiria. Wimbo ukatoka. Walionyamaza kwanza ni watoto, nikashangaa. Wazee wakavua kofia. Mpaka mwisho hapakuwa na mtu aliyekohoa, na tulikuwa nje, kwenye vumbi, ng'ombe hawako mbali.

Halafu Novatus akafanya jambo ambalo hatukupanga. Nakala yake ilikuwa na mkia. Mimi nilikuwa nimeukata mkia huo mwishoni mwa Machi, nikaona ni takataka. Wimbo umekwisha, majembe yanatupwa chini, na Bibi Kwandu anacheka. Anacheka kicheko kirefu, cha pua na mdomo, kisha anasema kwa Kisukuma kwamba leo wamelima mpaka udongo umechoka, nani ana maji.

Binti mmoja alinyanyuka, akaenda kuchota maji. Kweli kabisa. Alifika katikati ya uwanja na kikombe ndipo akakumbuka, akasimama. Watu wote wakaangua kicheko, kicheko na machozi, wakubwa kwa wadogo, na Minza akapokea kile kikombe akanywa yeye.

Kisha akatuletea simu yake. Wimbo tuwape watu wa Mwanza, alisema, lakini kicheko kiwe chake. Tukamwekea. Akatembea nacho sikioni kuzunguka nyuma ya nyumba, hatukumwona mpaka tunaondoka.

Njiani redio ya gari hatukuifungua, mimi na Novatus. Kila mmoja alikuwa bado anasikiliza.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimekuwa mtu mkubwa! Kina mama wa kwaya ya Binza wamekuja asubuhi kuulizia nafasi. Nimewaambia kalenda imejaa, ila naweza kuwabana kesho. Wakauliza kama naweza kurekodi watu sitini kwa pamoja. Nimesema hao ni wachache.

Nikafungua kompyuta kuandaa. Imejaa pomoni. Wimbo wa Bukundi tu unakula nusu yake, mapande ya sauti, mradi, noti, makorokoro yote niliyorudishiwa Ijumaa kutoka kwa Novatus. Watu sitini watakaa wapi?

Nikachungulia nje. Novatus alikuwa anapakia kompyuta yake kwenye bajaji. Nikamuuliza kulikoni. Akapaza sauti kwamba imekuwa nzito mno, anaipeleka kwa fundi ifutwe yote ianze upya. Akaongeza kwa furaha kwamba hana wasiwasi, vya maana vyote viko kwangu. Nikampungia mkono. Mtu mwema sana yule, nilimdhania vibaya.

Nikarudi ndani nikatulia nikafikiri kitaalamu. Kutunza kitu kimoja mahali pawili ni ufujaji wa nafasi. Nakala ya Bibi Kwandu ipo kwa Novatus, na hakuna mtu anayeipenda kama yeye. Nikachagua mafaili yote ya Bukundi, toka la kwanza hadi la mwisho, nikafuta, nikamwaga na pipa la takataka.

Kompyuta sasa inaruka kama swala. Nafasi tele.